Figo, Malale na Damu ya Wazee Wetu



Swali ambalo mmeniletea mara nyingi mwaka huu ni fupi: je, mtu anaweza kurogwa figo? Nimelijibu mara kwa mara mlangoni mwa kanisa, watu wakitoka Misa, na jibu la mlangoni halitoshi. Mimi si mganga wala daktari. Nilisomea ualimu, na kwa zaidi ya miaka ishirini na mitano nimefundisha katekisimu. Lakini mwalimu hujua kusoma, na swali lenu limenipeleka kusoma mambo ambayo sikutazamia yangenigusa kiasi hiki, maana yamenirudisha hapa kwetu Maniema.

Wengi wenu mnajua swali limetoka wapi. Kijana wa kwaya, mwenye umri wa miaka ishirini na sita, alianza kuvimba uso asubuhi na miguu jioni. Baada ya majuma machache hakuweza tena kupanda ngazi za kanisa. Akafariki kabla familia haijakusanya fedha za kumpeleka kwenye mashine ya kusafisha damu, ambayo kutoka kwetu ni safari ya ndege. Matanga hayajaisha, kidole kikanyooshwa kwa nyanya yake, mama wa baba yake, kwa sababu ndiye aliyempikia sombe jioni iliyotangulia uvimbe wa kwanza. Mjane huyo ni mmoja wa wale walioianzisha jumuiya yetu ya msingi. Leo halali katika nyumba yake mwenyewe, na katika mikutano ya jumuiya wako watu wanaohama benchi akikaa.

Baba wa marehemu alinionyesha karatasi za hospitali, na ameniruhusu niseme lililoandikwa. Picha ya ekografia ilikuta figo zote mbili zimesinyaa, ndogo kuliko inavyopasa. Tafadhali lisikieni neno hilo polepole. Figo iliyopata sumu jana huweza kuvimba, huweza kuacha kazi ghafula, lakini haisinyai kwa usiku mmoja. Figo husinyaa kwa kupata makovu, na makovu hayo huchukua miezi mingi, mara nyingi miaka. Sombe ya jioni ile ilikuta kazi imekwisha kufanyika zamani.

Kwa nini basi hakuumwa mapema? Hapa ndipo penye siri ya ugonjwa huu. Figo ni mbili, kila moja kadiri ya ngumi, na ndani ya kila moja mna vichujio vidogo mno vipatavyo milioni moja. Kwa siku moja huchuja majimaji ya damu kiasi cha lita 180, kisha huyarudisha mwilini karibu yote, zikitoa lita moja au mbili tu kuwa mkojo. Muumba alitia ziada kubwa katika kiungo hiki: mtu aweza kupoteza zaidi ya nusu ya nguvu ya figo zake na bado akacheza mpira, akaimba, akabeba gunia la mchele. Dalili hutokea mwishoni, wakati akiba imekwisha. Ugonjwa uliokaa kimya miaka kumi huonekana kana kwamba umeingia juzi, na jambo linaloingia juzi hutafutiwa mtu aliyelileta juzi.

Kimya hicho kimepimwa hata katika nchi yetu. Mwaka 2009 Daktari Ernest Sumaili na wenzake walitoa matokeo ya uchunguzi wao wa watu wazima 503 mjini Kinshasa, watu wa kawaida waliokutwa majumbani. Karibu 12 kati ya kila 100 walikuwa na dalili za ugonjwa sugu wa figo, na zaidi ya robo ya watu wote waliopimwa walikuwa na shinikizo kubwa la damu, ambalo sisi tunaliita tansiyo. Katika hao wenye ugonjwa wa figo, waliojua kwamba wanao walikuwa wachache sana.

Sasa niseme jinsi figo na tansiyo zinavyoshikana, kwa sababu watu wengi hudhani ni magonjwa mawili yasiyojuana. Daktari Mwingereza Richard Bright, katika hospitali ya Guy's ya London, alitoa mwaka 1827 maelezo ya wagonjwa waliovimba miili. Kipimo chake mngeweza kukifanya jikoni: alitia mkojo katika kijiko, akaupasha juu ya mshumaa, na mkojo wa wagonjwa hao uliganda mfano wa ute wa yai, kwa kuwa protini ya damu ilikuwa ikivuja kupitia figo. Walipokufa alipasua miili, akakuta figo zimeharibika. Mwaka 1836 aliandika jambo jingine: wengi wao walikuwa na moyo mkubwa kupita kiasi, kana kwamba ulikuwa umesukuma damu dhidi ya kizuizi. Wakati huo hapakuwa bado na chombo cha kupima tansiyo kama hiki anachofunga muuguzi mkononi. Bright aliuona ugonjwa kwa nyayo zake.

Mwaka 1898, kule Stockholm, Robert Tigerstedt na Per Bergman walitoa maji ya figo za sungura, wakawadunga sungura wengine, na shinikizo la damu likapanda. Mwaka 1934 Harry Goldblatt wa Marekani alibana mishipa inayopeleka damu kwenye figo za mbwa, na tansiyo ya mbwa ikapanda na kubaki juu. Figo ikikosa damu ya kutosha hudhani mwili mzima una kiu, nayo huamuru mishipa ijibane na chumvi ibaki. Nalo shinikizo, likikaa juu, huvipiga vile vichujio vidogo mpaka vinapata kovu, na figo iliyopata kovu hupandisha shinikizo zaidi. Ni mduara. Mbele ya mgonjwa mmoja, ambaye hajawahi kupimwa tangu kuzaliwa, daktari mwenyewe mara nyingi hawezi kusema ni lipi lililotangulia.

Jambo hili la nani aliyetangulia lina uzito kuliko linavyoonekana. Kwa miaka mingi madaktari wa Marekani waliona kwamba raia wao wenye asili ya Afrika wanafikia hatua ya mwisho ya ugonjwa wa figo mara tatu au nne kuliko Wazungu. Jibu la kawaida lilikuwa kwamba tansiyo ndiyo iliyowaharibia figo. Walipotibiwa tansiyo vizuri, wengi waliendelea kupoteza figo vilevile. Palikuwa pia na hadithi iliyosema kwamba walionusurika ndani ya merikebu za watumwa ni wale ambao miili yao hushika chumvi, na kwamba vitukuu vyao wamerithi tansiyo kutoka humo. Mwanahistoria Philip Curtin aliipinga hadithi hiyo mwaka 1992. Ilikuwa hadithi nzuri ya kusimulia, na labda ndiyo sababu ilidumu.

Tena kuna hesabu inayoipinga. Mwaka 1997 Richard Cooper na wenzake walitoa vipimo vya tansiyo vya watu wenye asili moja wanaoishi mahali mbalimbali: katika Afrika ya Magharibi wenye tansiyo walikuwa 16 kwa mia, katika visiwa vya Karibi 26, Marekani 33. Damu ni ileile. Kilichobadilika ni chumvi, uzito wa mwili, kazi, na maisha yenyewe. Ninawaomba msichukue habari hiyo kuwa kinga: makayabo yetu, na vile vipande vya kukolezea mchuzi ambavyo hata mwanafunzi huvimumunya vikavu njiani, vimefika hadi kijiji cha mwisho.

Lakini kwa upande wa figo palikuwa na kitu kilichorithiwa kweli. Nacho ndicho kilichonifanya niandike ukurasa huu.

Mwaka 1902, katika Taasisi ya Pasteur huko Paris, Alphonse Laveran na Félix Mesnil waliona kwamba majimaji ya damu ya binadamu huua vimelea vya ugonjwa wa ng'ombe unaoletwa na mbung'o. Vimelea vya malale ni ndugu wa hivyo, tofauti yao ni kwamba vimejifunza kustahimili damu yetu. Miaka hiyohiyo malale ilikuwa ikimaliza vijiji vya Kongo, na madaktari wa Liverpool, Joseph Everett Dutton na John Todd, walitumwa kuichunguza. Dutton ndiye aliyekuwa amekitambua na kukipa jina kimelea cha malale katika damu ya mtu, kule Gambia. Hakurudi kwao. Alifariki kwa homa ya papasi tarehe 27 Februari 1905, hapa kwetu, Kasongo. Wengi wetu tumepita Kasongo mara nyingi bila kulisikia jina lake.

Ilipita karibu karne nzima kabla ya kujulikana ni nini ndani ya damu yetu kinachoua vimelea. Mwaka 2003 kikundi cha Étienne Pays, katika chuo kikuu huru cha Brussels, kilionyesha kwamba ni protini inayoitwa APOL1. Kimelea huimeza pasipo kujua, nayo hutoboa kuta za ndani za kimelea mpaka kinavimba na kupasuka. Kimelea cha malale ya mashariki, ile ya Uganda, Tanzania na Zambia, kilipata njia ya kuifunga protini hiyo isifanye kazi. Ndipo mwaka 2010 wanasayansi wa Marekani, pamoja na Pays na wenzake, walipotoa matokeo yaliyowashangaza wengi. Baadhi ya watu wenye asili ya Afrika wana aina mbili tofauti kidogo za jeni hiyo, zilizopewa majina ya G1 na G2. Damu yenye aina hizo iliweza, katika maabara, kuua hata kile kimelea cha mashariki. Na mtu aliyepata nakala mbili, moja kwa baba na moja kwa mama, yuko katika hatari kubwa zaidi ya kupoteza figo.

Ninyi mliosoma biolojia mtakumbuka mara moja anemia SS. Mwenye nakala moja ya jeni ile ana kinga fulani dhidi ya malaria, na mwenye mbili anaumwa. Hapa ni vivyo hivyo, ingawa si sawasawa kabisa. Mahali fulani Afrika ya Magharibi, zamani sana, mtoto alizaliwa na badiliko dogo katika damu yake, na walipokufa wengine yeye aliishi, akazaa, na wanawe wakaishi.

Ni lazima niongeze mambo yanayopunguza utamu wa habari hii, maana habari tamu mno huwa na walakini. Malale ya Kongo si ile ya mashariki. Ni ya kimelea alichokitambua Dutton, nacho hukwepa protini ile kwa njia nyingine. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2017 ulikuta, kule Guinea, kwamba wenye G1 walioambukizwa mara nyingi hawakuugua, lakini G2 haikuwasaidia, bali kinyume. Ngao, basi, si moja, wala haikingi kila mkuki. Pili, wengi wenye nakala mbili hawaugui figo maisha yao yote. Huko Marekani watu wapatao 13 kati ya 100 wenye asili ya Afrika wanazo, na sehemu kubwa yao watazeeka na figo nzima. Huhitajika pigo la pili. Pigo linalojulikana zaidi ni virusi vya UKIMWI visivyotibiwa. Mjini Kinshasa kwenyewe, uchunguzi uliotolewa mwaka 2019 ulionyesha kwamba miongoni mwa watoto wanaoishi na virusi hivyo, wale wenye nakala mbili ndio waliovujisha protini katika mkojo zaidi.

Wala jeni hii haielezi kila figo iliyosinyaa. Kisukari huharibu figo. Maambukizo ya koo na ya ngozi ya utotoni huweza kuziharibu, na dawa za maumivu zinazonunuliwa barabarani na kumezwa kila siku huziharibu pia. Kuhusu miti-shamba nitasema kwa uangalifu, kwa kuwa mimi mwenyewe nililelewa kwayo. Mwaka 1993 madaktari wa Brussels walitoa habari za wanawake waliopoteza figo baada ya kutumia dawa za mitishamba za Kichina ili wapunguze uzito; mmea mmoja ulikuwa umewekwa mahali pa mwingine, nao ulikuwa wa jamii ya Aristolochia, yenye sumu kali kwa figo. Wakulima wa kandokando ya mto Danube waliugua figo kwa vizazi, kijiji hiki ndiyo, kile sivyo, na jirani wakanong'ona. Kumbe mbegu za mmea wa jamii ileile zilikuwa zikisagwa pamoja na ngano yao. Ugonjwa ule wa Danube ulielezwa katika miaka ya 1950, na sumu yake ilithibitishwa katika vipimo vya mwaka 2007. Mmea ni mmea: una jina, una kipimo, na anayeutoa anapaswa kuvijua vyote viwili.

Narudi kwa neno la kurithi, kwa sababu najua linakokwenda. Katika baadhi ya vikundi vyetu vya sala imeingia desturi ya kutafuta laana ya ukoo. Mgonjwa huulizwa habari za babu na nyanya, huchorewa mti wa familia, na mwisho hupatikana mzee aliyefanya jambo. Nimesikia mtu akisema juu ya marehemu wetu, "Hata sayansi yenyewe inakubali ni mambo ya ukoo." Hapana. Sayansi inasema kinyume cha anachotaka kusema. Ikiwa marehemu alikuwa na jeni ile, na hilo hakuna aliyelipima, basi aliipata kutoka pande zote mbili, kwa watu waliobaki hai kwa sababu yake. Nabii Ezekieli aliikataa mithali ya zabibu chungu, ile ya kusema kwamba kosa la wazazi hulipwa na watoto. Bwana wetu, wanafunzi walipomwuliza juu ya yule aliyezaliwa kipofu, alikataa kumtafuta mkosaji, si mgonjwa mwenyewe wala wazazi wake, akafanya udongo kwa mate na kuanza kumtibu. Maaskofu wa Poland mwaka 2015, na wale wa Hispania mwaka 2024, walionya dhidi ya sala hizo za kuponya mti wa ukoo. Mimi ninaongeza tu kwamba katika miaka yangu yote sijauona mti uliochorwa hivyo ambao mwisho wake haukuwa mwanamke mzee asiye na mtetezi.

Kuna habari nyingine ambayo wanafunzi wa utabibu miongoni mwenu wanapaswa kuijua. Kwa miaka mingi kanuni ya Marekani ya kukadiria nguvu ya figo kutokana na kipimo cha damu ilimwongezea mtu mweusi hesabu, kana kwamba figo zake ni nzima kuliko za Mzungu mwenye kipimo kilekile. Wengine walichelewa kutibiwa kwa sababu hiyo. Mwaka 2019 madaktari wa Kinshasa na wa Abidjan walitoa vipimo halisi vya watu wao, na nyongeza ile haikuwafaa. Mwaka 2021 Wamarekani wenyewe waliiondoa. Ninalisema kwa fahari kidogo, Mungu anisamehe: ukweli ule ulipimwa pia katika mji wetu mkuu, na watu wetu.

Dawa ya kuizuia protini ile isichome figo imekwisha kuanza kujaribiwa. Katika jaribio dogo lililotolewa mwaka 2023, wagonjwa waliomeza dawa iitwayo inaxaplin walipunguza karibu nusu ya protini iliyovuja katika mkojo, na majaribio makubwa zaidi yalifuata. Itafika kwetu lini, na kwa bei gani, ni swali la haki, na haki ni mada ya mkutano wetu wa mwezi ujao. Mpaka hapo, tulicho nacho kituoni kwetu ni chombo cha kupimia tansiyo na karatasi za kuchovya katika mkojo, ambazo zinaona leo kile Bright alichokiona kwa kijiko na mshumaa. Sista wa kituo cha afya amekubali kuwapima vijana wote wa parokia Jumamosi ya kwanza ya mwezi, baada ya Misa ya asubuhi. Nimemwomba nyanya niliyemtaja awe wa kwanza kupimwa, mbele ya wote, nami nitakaa karibu naye.

Binti mmoja wa kundi la wachumba aliniuliza jambo ambalo sikulitazamia. Kwa kuwa padri paroko huwaomba wachumba wapime damu kwa ajili ya anemia SS kabla ya ndoa, je, haifai kupima na hii ya figo? Nimempa jibu hili, nami nalirudia kwenu. Katika anemia SS, mtoto aliyepata nakala mbili ataumwa, na tangu utotoni. Wachumba wanastahili kujua. Katika hii, wengi wenye nakala mbili hawataumwa kamwe, na kipimo chake hakipo katika hospitali zetu za Maniema. Mchumba asikataliwe kwa ajili yake. Akaniuliza tena: na yule ambaye ndugu yake amekufa kwa figo? Huyo, nikamwambia, apimwe tansiyo na mkojo kila mwaka, yeye na ndugu zake wote wa tumbo moja, na asimeze dawa ya maumivu kila siku bila kumwuliza muuguzi. Akaandika katika daftari lake. Ni dada wa marehemu.